Mugongo wa Saa ya Muzee Syauswa

Butembo, Jumapili 8 Septemba 2002

Siku Mungu atapoteza saa yake, atatuma malaika hapa Butembo, kwa cyber ya rafiki yangu Phinées, aulize: Lusenge yuko? Na mimi nitamwambia malaika angoje kwa mustari kama batu bengine. Juu kuanzia Luofu mpaka Beni hakuna mutu anayejua saa kama mimi. Ninaiweka kwa sikio, ninainusa, ninaiangalia na loupe niliyotoa ndani ya kamera iliyokufa, na saa yenyewe inaungama zambi zake bila padiri: nilizaliwa Uswisi, nilipakwa rangi Kampala, mukanda wangu ni wa marehemu.

Shule niliacha kwa troisième secondaire. Shule ndiyo ilipoteza.

Ninaanza kuandika hii cahier juu mvula imeanza. Mvula ikinyesha, antenne ya Phinées haishiki kitu, na sisi tunabaki kuangalia ukuta.

Jumatano 11

Nieleze kazi, ili bajukuu bangu basije bakasema babu alikuwa anachezacheza tu.

Bazungu ba kahawa balipoondoka, saa zao zilibaki kwa mikono ya bakarani, bapishi na basakristani. Sasa ni vita, kila nyumba inatafuta kitu cha kuuza, saa zinatoka ndani ya masanduku. Bananiletea. Ninailaza saa kifudifudi juu ya skana ya Phinées, picha inatoka, ninaituma Ubelgiji kwa Monsieur Valentin. Yeye anaiweka kwa internet, na huko kuna batu bazima kabisa, habana wazimu, banaacha saa mupya bananunua nzee.

Monsieur Valentin ana sheria moja: saa ibaki kama ilivyozaliwa. Uso uliopakwa rangi tena, hapana. Mishale ya saa na dakika iliyobadilishwa, hapana. Na kila mara anamaliza na ulizo lilelile: "Umefungua mugongo? Ndani kumeandikwa nini?" Juu uso unaweza kudanganya. Mugongo haudanganyi.

Mugongo ninafungua na kisu cha mama cha kumenya makemba, zile ndizi za kupika. Tac! Imekwisha.

Jumamosi 14

Mvula.

Jumapili 22 Septemba

Leo bakwe balikuja. Niandike polepole, juu ni siku kubwa ya yaya Rébecca, dada yangu mukubwa.

Kahongya, ule kijana wa Mulekera, kule Beni, anamutaka yaya tangu mwaka jana, na yaya anamutaka kuliko yeye anavyomutaka, ijapokuwa anajifanya hajui barabara ya Beni inaanzia wapi. Baba yetu alikufa, donc anayeketi mahali pake ni baba mukubwa Maliro. Upande wa pili aliketi baba ya Kahongya, Muzee Syauswa, katekista, yeye ndiye anapiga kengele ya chapelle ya kwao. Ni mutu mwembamba, anaongea kama anayehesabu chumvi.

Mbuzi za mahari zilikuwa Kalunguta, kwa ndugu yake. Basoda, bale askari ba vita, balipita. Balikula zote, mpaka lile beberu zee ambalo hata mbwa balikuwa banaliheshimu.

Mama Berthe, mama yetu, akajifanya anatafuta kitu ndani ya jiko. Kisha Muzee Syauswa akainama, akavua kiatu cha kuume, akaingiza mukono mpaka kwa vidole, akatoa saa.

Tulicheka bote. Na yeye alicheka.

"Musicheke sana," akasema. "Tangu vita ya Simba ya soixante-quatre, 1964, hii saa inapita barrière ya basoda ndani ya kiatu. Inajua barabara kunipita. Mugriki wa kahawa aliniachia siku alipokimbia. Nyumbani ninaivaa, ninapigia kengele. Njiani ninaivua. Bakwe, mbuzi hazipo. Mupokee hii kwa nafasi yao."

Baba mukubwa akaigeuzageuza. "Mukwe, mbuzi tunajua, ina miguu, inalia. Hii, tutajua namna gani kama ni ya kweli?"

Na bote bakaniangalia mimi. Bote! Nilisikia shingo yangu inarefuka.

"Expert yuko nyumbani," nikasema. "Muniachie. Jumapili ijayo nitabapatia jibu."

Bakwe balipotoka kwenda kulala kwa ndugu yao, yaya akanikamata mbele ya mulango wa jiko. "Petit, mudogo wangu, usituletee majivuno yako hapa. Angalia muzuri."

"Yaya, bila mimi utazeeka hapa unamenya makemba."

"Angalia muzuri," akarudilia. Hakucheka.

Jumanne 24

Saa ni nzito. Jina la Uswisi. Uso wake ni kahawia, kama kahawa iliyokaangwa, pembeni inaenda kwa nyekundu. Kwa internet dada zake bote bako beusi ti. Hiyo inanipatia mashaka.

Mugongo si kama migongo mingine. Hakuna mahali pa kupitisha kisu. Ina meno madogo kuzunguka, inataka ufunguo wake, uzungushe. Kwangu hiyo si kitu.

Nilituma picha ya uso kwa Monsieur Valentin, mvula ikapiga katikati. Sijui kama ilifika.

Alhamisi 26

Nilifungua. Mashini ya Kichina. Nimemaliza.

Jumapili 29 Septemba

Nilivaa veste ya Phinées, koti yake ya heshima. Ni kubwa kwa mabega, lakini mutu akisimama muzuri haionekani.

"Lusenge, sema," baba mukubwa akaniambia.

Nikasimama. "Bazee bangu, saa ya kweli ya hii aina, uso wake ni mweusi. Hii ni kahawia. Juu ya nini? Juu ni rangi ya bei ya chini, jua imeichoma. Na ndani nimeona mashini: ni ya Kichina. Uswisi iko kwa uso tu, kama kijana wa Butembo aliyevaa koti ya Dubai na ndani hana shati."

Bakacheka sana. Mimi, batu bakicheka juu ya maneno yangu, ninasikia joto kama mutu aliyekunywa kasiksi, pombe ya ndizi. Nilitaka kuongeza nyingine, lakini Muzee Syauswa aliinua macho.

"Mutoto wangu. Uliifungua?"

"Niliifungua, tata," nikajibu, kama mutoto kwa baba yake.

"Na uliona ndani? Yote?"

"Yote, tata. Sikuacha kitu."

Akaniangalia kwa muda, kama anayengoja niongeze neno. Akashusha macho.

"Basi ni horloger, yule fundi wa saa wa Luofu," akasema, lakini si kwetu. "Nilimuachia hii saa mwaka mama ya Kahongya alikufa. Alitoa mashini, roho ya saa, akanirudishia ngozi. Na tulikuwa tunakula meza moja."

Kisha akasimama. Muzee wa umri ule, akasimama mbele ya baba mukubwa, akafunga mikono mbele kama mutoto wa shule. "Bakwe, sikuja kubadanganya. Na mimi nilidanganywa. Munisamehe."

Kahongya alikuwa anaangalia viatu vyake. Chini ya pazia niliona miguu ya yaya.

Baba mukubwa alisema maneno mazuri: mukwe, si kitu, vita itaisha, mbuzi zitazaa, mutaleta polepole. Muzee Syauswa aliitika kila neno. Akakamata saa mezani, akaivaa kwa mukono. Kahongya akamwambia: "Baba, barrière." Akajibu: "Kitu cha uongo, nikifiche tena juu ya nini?"

Balipoondoka mvula ilikuwa inanyesha, mama akabapatia mwavuli wetu.

Ni hivi. Ukweli unauma, lakini expert ni expert.

Jumatano 2 Oktoba

Kwa cyber bananiita Docteur. Nilibaeleza namna nilivyofungua ule mugongo mugumu kwa vidole viwili. Phinées alilipa mandazi.

Jumamosi 5

Mvula. Nilibaeleza tena. Mara hii nilifungua macho yakiwa yamefungwa.

Alhamisi 10 Oktoba

Kahongya alishuka kwa lori ya kahawa, akaleta mwavuli wa mama. Aliketi mulangoni, hakutaka kuingia. Yaya alimuletea maji. Mimi nilikuwa ninapanguza saa ya mutu, kwa hiyo nilisikia yote bila kutaka.

Jumapili ile, kwa barrière mbele ya kufika Beni, basoda balisimamisha gari. Baba yake alikuwa na saa kwa mukono, wazi, kama mutu anayeenda harusini. Soda moja akasema na Lingala: "Mobange, pesa montre wana," muzee, leta ile saa. Mara zote za zamani saa ilikuwa chini ya nyayo na muzee alikuwa anapita akiimba zaburi. Mara hii alinyoosha mukono, akacheka: "Kamata tu, ni ya Kichina." Hata soda akashangaa. Alisema merci.

"Basoda bengi habasemi merci," nikasema, ili tucheke.

Hakuna mutu aliyecheka.

"Lusenge," Kahongya akasema, polepole, hana hasira, na hiyo ndiyo mbaya. "Wewe ulisema ukweli wako. Mais huko Mulekera habari ilifika mbele yetu. Batoto banamuuliza baba: Katekista, kengele ni ya saa ya wapi, ya Beni ao ya China? Aliacha kengele. Alimupatia mwingine kile chuma cha kuipigia. Na hapa hatarudi. Anasema mutu aliyepeleka uongo kwa bakwe hana tena mulango wa kupitia."

"Na mbuzi?" yaya akauliza.

"Mbuzi ninaweza kutafuta, Rébecca. Baba ndiye sitapata mwingine. Nitakuja kukuoa na nani?"

Yaya alichukua kikombe, akakiosha, akakiosha tena.

Ijumaa 11

Yaya aliniwekea maharagi, hakunitania. Kila siku ananitania juu ya masikio yangu. Niliyatikisa mbele yake. Hakuona.

Jumapili 20 Oktoba

Mvula. Kwa kanisa balisema katekista wa Mulekera ni mugonjwa. Mutu anaweza kugonjwa juu ya vitu vingi.

Jumamosi 2 Novemba

Siku ya marehemu. Tulienda kupalilia kaburi la baba. Yaya alipalilia upande wake, mimi wangu, mama akaketi katikati kama mupaka. Kurudi, mama akanishika mukono: "Lusenge, ile saa ulifungua kweli na kisu changu? Ncha imevunjika."

"Ilikuwa ngumu, mama."

"Hm," akasema.

Mama Berthe ana "hm" moja ambayo inaweza kukaa na mutu juma nzima.

Alhamisi 14 Novemba

Leo jua, antenne inafanya kazi kama malaika, na ndiyo bahati yangu mbaya.

Barua ya Monsieur Valentin. Alikuwa hospitali, ndiyo maana alikawia. Anaandika Kifaransa cha haraka, ninatafsiri:

"Lusenge muzuri, nimeona picha yako, nimeketi chini. Usipanguze! Usiguse! Ile rangi nyeusi ya miaka ile, jua la kwenu huigeuza kahawia polepole, hakuna fundi anayeweza kuiiga. Batu banaitafuta dunia nzima. Uso huu haujaguswa na mutu tangu uzaliwe. Bei sitaandika, utaanguka. Niambie tu: umefungua mugongo? Ndani kumeandikwa nini?"

Phinées alikuwa anasoma juu ya bega langu. Akapiga mluzi.

"Mais Docteur! Ni ile ya bakwe? Ile ya Kichina?"

"Monsieur Valentin hajaona mashini."

"Si wewe uliiona? Basi mwambie. Jibu sasa, mbingu iko wazi."

Nilianza kuandika "Cher Monsieur". Nikafuta. Nikaandika tena. Tangu Septemba ninatukana mvula, na leo niliiomba, niliiomba kwa jina la batakatifu bote: inyeshe, ikate, iniokoe. Hakuna hata wingu. Phinées alikuwa anangoja, anatafuna muwa.

Nikasema tumbo inaniuma, nikatoka.

Mutu anaweza kukosea mashini. Mashini zinafanana. Ndivyo ninavyoandika.

Ijumaa 15

Tumbo.

Jumapili 24 Novemba

Nilimwambia yaya. Alikuwa anachagua mawe ndani ya muchele.

"Ile saa ya tata Syauswa. Ilikuwa ya kweli."

Hakuinua kichwa. "Rudilia."

"Ya kweli. Ile kahawia ndiyo ilikuwa uzuri wake."

"Na wewe ulisema ni rangi ya bei ya chini."

"Nilikosea."

Akaweka lungo chini. "Petit, tangu uzaliwe ninangojea ulitamke hilo neno. Nilifikiri siku ile nitapiga kelele ya furaha mpaka Lubero." Akajipanguza macho na mukono wenye vumbi ya muchele, akabaki na unga kwa shavu. "Utaenda Mulekera. Utasema kwa mudomo uleule. Mbele ya batu, kama ulivyomuaibisha mbele ya batu."

"Na saa haipo tena, yaya."

"Nani alikuuliza saa?"

Jumamosi 7 Desemba, Mulekera

Nilipanda juu ya mizigo ya lori. Nilitaka kungoja mpaka mvula ipungue, yaya akanivalisha nailoni ya kufunika kahawa, akanisukuma.

Beni imejaa batu. Banakimbia vita ya upande wa Mambasa, familia nzima nzima, na sufuria kwa kichwa. Ndani ya chapelle ya Muzee Syauswa balilala hata chini ya altare. Yeye nilimukuta nje, anagawa maharagi na kikombe. Amekonda. Kwa mukono wake palikuwa na mustari mweupe wa mukanda, na kila mara alikuwa anapaangalia, kisha anakumbuka.

Nilipiga magoti ndani ya matope. Sikupanga, ni magoti yenyewe.

"Tata, saa yako ilikuwa ya kweli. Mimi nilikosea."

Alikaa na kikombe hewani. "Sema kwa sauti. Masikio yangu ni ya kizee."

Masikio yake ni mazima kabisa. Nikapiga kelele, mbele ya majirani, bakimbizi, na batoto ba kengele ya China: "Saa ya tata Syauswa ilikuwa ya kweli! Anayejua amenihakikishia! Tata hakudanganya mutu, na mutu hakumudanganya! Ni mimi Lusenge wa Butembo nilikosea!"

Mama mumoja akapiga vigelegele, bila hata kujua ni nini. Bengine bakafuata. Muzee Syauswa akaweka kikombe chini, akatembea mpaka pale kengele yake, chuma ya gari, inaninginia, akaipiga. Haikuwa saa ya kitu chochote. Aliipiga tu.

Nilingoja anikasirikie juu ya ile saa iliyobaki barrière. Akanishika bega: "Iliyopotea ni chuma. Jina langu limerudi. Wasingya, asante, mutoto wangu. Bakijana ba leo habapigi magoti." Akamuita Kahongya: kahawa ikiisha kuvunwa, tutarudi Butembo kwa bakwe, mbuzi mbili za kuanzia ziko kwa mujomba yako. Kahongya alinikumbatia na matope yangu yote.

Ningepanda lori pale, ingekuwa safari nzuri.

Lakini muzee alinivuta pembeni, chini ya paa ya sacristie, nyuma ya chapelle, mvula ikitiririka mbele yetu.

"Donc yule horloger wa Luofu hakuniibia," akasema. "Tangu Septemba ninamulaani kila asubuhi. Alikufa zamani, maskini. Nitamuombea misa." Akasogea karibu. "Unajua alichonifanyia, juu uliona. Nilimuomba aandike jina la mama ya Kahongya ndani ya mugongo, upande wa ndani, mahali batu habaoni. Jokébed. Akaandika, akafunga, akaniambia: muzee, usifungue, vumbi itaingia. Sikufungua. Miaka hii yote nilikuwa nalo kwa mukono na sikuliona. Siku ile uliposema mashini ni ya uongo, nilifikiri jina lake liko ndani ya uongo, sikulitaka tena. Ndiyo maana nilimupatia soda."

Nilisikia mvula.

"Macho yaliyoliona ni ya horloger na yako tu," akasema. "Niambie. Aliandika muzuri?"

Alikuwa ananiangalia kama siku ile ya veste. Sasa ninajua alikuwa anangoja neno gani.

"Muzuri, tata," nikasema. "Herufi za kulala, kama za masista. Na ua dogo pembeni."

Akafunga macho. "Ua? Sikumuomba ua." Machozi yakashuka, na alikuwa anatabasamu. "Alikuwa mutu muzuri, yule."

Jumapili 8 Desemba, Butembo

Mvula imekatika. Mama anapika kuku. Yaya ameanza tena kutania masikio yangu, anaimba tangu asubuhi. Baba mukubwa amesema mbele ya bote kwamba mutu anayekubali kosa lake ni mutu mukubwa, na kwamba siku ya harusi nitaketi karibu naye. Phinées anauliza kila saa kama nimemujibu Monsieur Valentin.

Sikumujibu. Sina cha kumujibu.

Kisu kiliteleza. Juma ile ya Septemba, kwa mara ya kwanza nilipojaribu, ncha ikavunjika kwa yale meno, ikavuta mukwaruzo murefu, mweupe, kuvuka mugongo wote. Nilijaribu kuupanguza na majivu, ukang'aa zaidi. Nikaogopa. Nikajua kama nitasema ni ya kweli, kila mutu atataka kuigeuza aione, na bataona nilivyoiharibu. Saa ya uongo hakuna mutu anaigeuza.

Sikukosea mashini. Sikuona mashini. Sikuona jina, wala ua. Hiyo saa sikuifungua.